Doa la Buluu Kwenye Daftari la Babu

Mjukuu: Shikamoo Babu, shikamooni wakubwa wote. Leo nilikuwa nampangia Bibi kabati la chumba cha nyuma, nikakuta daftari la Babu la urubani limefungwa ndani ya kitambaa cheupe, na tangu mchana nimeshindwa kuliweka chini. Nimewatumia picha za kurasa tatu. Babu, ukipata nafasi naomba unieleze mambo mawili. Kwanza, kurasa za mwanzo zinataja njia ya kurukia namba 08 na za baadaye zinataja namba 09, ilhali siku zote umetuambia kuwa kiwanja chenu kilikuwa na njia moja tu ya nyasi. Pili, hili doa la buluu lililoenea nusu ya ukurasa ni la nini, maana halifanani na wino?

Babu: Marahaba, mjukuu wangu. Nilikwisha kata tamaa kuwa daftari hilo limepotea, kwa hiyo umenifurahisha kuliko unavyodhani. Nianze na namba. Njia ya kurukia hupewa namba kwa kupima mwelekeo wake kwa dira, kuusogeza hadi kumi iliyo karibu, kisha kuiacha sifuri ya mwisho, na ndiyo maana njia inayoelekea nyuzi 84 huitwa 08, na ukiitazama kutoka ncha ya pili huitwa 26. Lakini ncha ya sumaku ya dunia haitulii mahali pamoja, na baada ya miaka mingi dira ilitupa nyuzi 86 juu ya nyasi zilezile ambazo hazikusogea hata shubiri. Namba zikawa 09 na 27, ila njia ni ileile.

Baba Mdogo: Nakumbuka siku hiyo vizuri, kwa sababu ndimi niliyebeba mawe. Namba zetu hazikuwa za rangi, zilikuwa mawe yaliyopakwa chokaa na kupangwa juu ya nyasi, kila moja kubwa kuliko kichwa changu cha wakati ule. Upande wa magharibi ulikuwa mwepesi, kwani 8 hugeuka 9 ukiondoa mawe machache ya chini kushoto. Upande wa pili, ile 6 ilibidi ivunjwe yote ipangwe upya iwe 7, na rafiki yake Baba, yule mzee wa kwenye benchi, hakuridhika mpaka mtu alipopanda na ndege, akaizunguka mara moja, akashuka na kutuhakikishia kuwa 7 imenyooka.

Shangazi: Wifi zangu hawajapata kusikia habari za benchi, kwa hiyo niwaeleze. Mbele ya banda la ndege palikuwa na benchi la mbao lililotazama njia, na hapo ndipo kiwanja kilipokuwa hasa. Watu waliruka dakika 40, wakakaa hapo kwa muda wa saa nne. Walingoja ukungu uinuke, walingoja upepo wa pembeni utulie, walingojana wenyewe. Mzee yule aliweza kumtambua anayetua bila kugeuza shingo, kwa kusikiliza tu jinsi anavyopunguza moto wa injini anapokaribia nyasi. Baba alikuwa na tabia ya kuipunguza mapema mno, halafu kuirudisha kidogo, na mzee alikuwa akiniambia, "Huyo baba yako, nenda kampokee."

Mjukuu: Kwani yeye mwenyewe hakuwa rubani? Simwoni popote katika kurasa za mwanzo, lakini baadaye kwenye safu ya maelezo kuna maneno "kiti cha kulia: yeye" karibu kila wiki.

Babu: Alikuwa rubani kabla yangu, na bora kuliko mimi. Siku niliyoruka peke yangu kwa mara ya kwanza, iliyoandikwa saa 0.3, yaani dakika 18, ni yeye aliyesimama mwisho wa njia akiitazama soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unakovuma, kwa niaba yangu. Mwalimu alishuka injini ikiwa inanguruma, akafunga mlango, akaniacha. Ile ndege yetu ya viti viwili, Cessna 150, ina injini ya nguvu-farasi 100 tu, na uzito wake wote wa kurukia hauzidi kilo 726, kwa hiyo mtu mmoja akishuka ndege huhisi tofauti kubwa kuliko unavyotarajia. Iliniinua kabla sijawa tayari. Niligeuka kulia kusema neno, nikakuta mkanda umefungwa juu ya kiti kitupu. Wakati wa kutua ikagoma kushuka, ikawa inateleza juu ya nyasi kwa sababu ilikuwa nyepesi na kwa sababu hewa iliyo kati ya mabawa na ardhi huibeba ndege iliyo chini sana. Nilisubiri, kama mwalimu alivyonifundisha, bila kuisukuma pua. Ikakaa yenyewe.

Babu: Miaka michache baadaye daktari aliona kasoro katika moyo wa yule mzee wa benchi alipokwenda kufanyiwa uchunguzi wa kuhuisha cheti cha afya, na bila cheti hicho rubani hawezi kurusha ndege peke yake. Jumamosi iliyofuata nilidhani hatutamwona. Alifika kabla yetu sote, akaketi kwenye benchi, na tulipoanza kutoa ndege bandani akainuka akasema kuwa tangu siku hiyo kazi ya kukagua mafuta ni yake. Hakuna aliyembishia.

Baba Mdogo: Na hakuwahi kukosa. Alikuwa na kikombe cha plastiki kinachoonyesha ndani na leso nyeupe, basi. Alisimama chini ya bawa, akakisukuma kikombe kwenye valvu ya chini kabisa ya tangi, akakiinua mbele ya leso na kukitazama kwa muda ambao kwangu mimi mtoto ulikuwa mrefu usio na mwisho. Nilimuuliza kwa nini leso, akanijibu kwa upole mkubwa. Alisema maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini ya tangi na ndiyo yatakayofika kwanza kwenye injini. Yakiwa matone machache utayaona yamekaa chini ya kikombe kama ushanga wa kioo. Lakini kikombe kikijaa maji matupu, hakuna ushanga wa kuonekana, na mtu mwenye haraka atadhani anatazama petroli safi. Petroli ile ya ndege hutiwa rangi ya buluu, na buluu hiyo ni hafifu mno kuonekana bila kitu cheupe nyuma yake.

Mjukuu: Kwa hiyo doa ni petroli!

Babu: Ni petroli, na ni ya asubuhi moja iliyofuata usiku wa mvua kubwa. Nilikuwa na haraka. Nilikwisha toa mafuta ya tangi la kushoto mwenyewe, nikayaona yana rangi, nikaridhika. Akaja akaniuliza kama nimelitikisa bawa. Nikamwambia kwa sauti ambayo naijutia mpaka leo kuwa nimerusha ndege hiyo miaka mingi na najua ninachofanya. Hakujibu. Alishika ncha ya bawa akaitikisa juu na chini mara kadhaa, akangoja dakika chache ili kilichojificha kwenye pembe za tangi kiteremke, kisha akakisukuma kikombe kwenye valvu. Leso yake ilikuwa imelowa matope, kwa hiyo akalifungua daftari langu lililokuwa juu ya gurudumu, akakiinua kikombe mbele ya ukurasa mweupe na kuniita.

Babu: Hapakuwa na buluu. Kikombe kizima kilikuwa maji. Mpira wa kifuniko cha tangi ulikuwa umechakaa, na mvua ilikuwa imeingia usiku kucha. Ningewasha, injini ingewaka kwa mafuta yaliyokwisha kuwa kwenye mabomba, ningeruka, na huenda ingezimika nikiwa juu ya miti iliyo mwisho wa njia, mahali ambapo huna urefu wa kutosha kugeuka wala nyasi za kutua mbele. Alirudia kutoa mpaka buluu ikarudi, na katika kikombe cha mwisho upepo ukampiga mkono, kikamwagikia ukurasani. Petroli ilikauka papo hapo, rangi ikabaki.

Shangazi: Baba, siku hiyo ulirudi nyumbani mapema, ukakaa barazani bila kusema neno. Mama alidhani umeugua. Hukutuambia jambo hili hata mara moja.

Babu: Sikuweza. Nilichoweza ni kumpakia. Tangu wiki iliyofuata sikuruka bila kumwuliza kama kiti cha kulia kina mtu. Ndani ya ndege ile upana haufiki mita moja, kwa hiyo watu wazima wawili hukaa bega kwa bega kwelikweli, na mmoja akivuta pumzi mwenzake anaisikia. Tukishafika juu nilimwachia usukani, mikono yangu ikiwa magotini tayari. Alikuwa akigeuza kwa wepesi hata kijidude cha kuonyesha kama ndege inateleza kando kisisogee. Hatukuzungumza sana. Alipenda kuitazama njia yetu kutoka juu, na kila mara alinionyesha zile namba za mawe.

Baba Mdogo: Ile 7 iliyonyooka.

Babu: Hiyohiyo. Mjukuu wangu, pembeni ya doa kuna mstari wa penseli. Kwenye simu macho yangu hayauoni. Nisomee.

Mjukuu: Upo, Babu, na mwandiko si wako, ni mdogo na umelala upande wa kushoto. Unasema: "Tangi la kushoto limekaguliwa mara tatu, sasa ni safi. Uniwie radhi kwa ukurasa."

Babu: Ndiye. Yeye ndiye aliyeniomba radhi.

Shangazi: Jumapili tunakuja sote, Baba.

Babu: Njooni. Na wewe mjukuu wangu, usijaribu kulisafisha doa hilo kwa kitu chochote. Lifunge daftari katika kitambaa kilekile ulichokikuta nacho, tena ukikunje kwa mikunjo yake ya zamani. Ni leso yake.