Mnamtibu mtoto, mzazi mnamwacha kwenye benchi. Nimechoka!

Wadau, uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira. Asiyetaka malalamiko apite tu, hatutagombana.

Mwanangu ana miaka saba. Huu ni mwezi wa kumi na moja nahangaika naye kutafuta wa kumsaidia tabia. Siongelei utundu wa kuvunja vikombe. Akiambiwa azime televisheni anarusha kiatu, anapiga mlango mateke, anamng'ata mdogo wake, halafu baada ya dakika arobaini analala palepale sakafuni, hoi, kama aliyekuwa anabeba mizigo kutwa nzima. Shuleni nako wamenipigia mpaka nikiiona namba yao tumbo linaniuma.

Tuanze na simu. Unapiga, unaulizwa tatizo nini, unaeleza. "Anapiga watu?" Unasema ukweli: ndiyo. "Samahani baba, sisi wanaopiga hatuwapokei." Jamani! Tangazo lenu linasema mnashughulika na hasira na ukorofi kwa watoto. Mlikuwa mnamsubiri mkorofi asiyemgusa mtu? Huyo si yuko kwao ametulia!

Mahali pengine nikajaza fomu ya kurasa tisa, nikaambiwa foleni ni ndefu, nikapigiwa baada ya miezi mitatu kuulizwa maswali yaleyale ya kwenye fomu. Hayo nayapita, maana yaliyofuata ndiyo yanayonichoma.

Tumepokelewa. Mtaalamu mpole, chumba kizuri, midoli imejaa. Akamshika mtoto mkono, akanigeukia: "Baba, wewe utusubiri hapo nje." Mlango ukafungwa. Dakika hamsini. Pale nje kuna benchi la kijani limechanika ngozi upande mmoja, na nakiri kwamba ule mchano nimeumalizia mimi kwa kidole, wiki baada ya wiki. Mtoto akitoka naambiwa, "Leo tumeenda vizuri, amechora." Amesema nini? "Hiyo ni siri yangu na mteja."

Mteja wa miaka saba! Angekuwa kijana wa miaka kumi na sita ningeelewa kabisa, ana yake ya kuficha. Mimi sitaki siri za mtu. Nataka kujua saa mbili usiku kiatu kikiruka nifanye nini. Vikao kumi na vinne nimelipia. Mtoto sasa anachora vizuri sana, na kiatu bado kinaruka.

Nikaanza kusoma mwenyewe, na hapo ndipo hasira ilipopanda kweli. Kumbe haya mambo yanajulikana tangu zamani! Sheila Eyberg, mwanasaikolojia wa Marekani, alianzisha tangu miaka ya 1970 tiba ambayo mzazi yuko NDANI, anacheza na mwanawe, na mtaalamu yuko nyuma ya kioo cha upande mmoja anamnong'oneza mzazi sikioni: sifia hilo, hilo puuza, sasa toa amri moja fupi. Anayefundwa ni mzazi. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, kwenye mwongozo wake wa 2019, kinasema mtoto wa miaka minne au mitano mwenye ADHD (ile hali ya mtu kushindwa kutulia, kumakinika na kujizuia) wazazi wafundishwe kwanza kabla hata ya kufikiria dawa, na kwa wakubwa kama wangu dawa ziende pamoja na mafunzo ya mzazi na msaada wa shule. Sasa mimi nafanya nini kwenye benchi?

Halafu kuna Gerald Patterson, mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, aliyeueleza ule mtego wa nyumbani. Mzazi anaamuru, mtoto anapiga kelele, mzazi anachoka anaachia. Mtoto kajifunza kelele zinalipa, mzazi kajifunza kuachia kunaleta utulivu. Kila mmoja anamfunza mwenzake ubaya. Nilisoma nikaiona sebule yangu. Na ukiacha kuachia, kelele zinaweza kwanza KUPANDA ndipo zishuke. Hili hakuna aliyetuambia! Mimi na mama watoto tuliwahi kukaza, siku ya tatu ikawa balaa, tukasema njia hii haifai, tukaachia. Kumbe tulikuwa juu kabisa ya kilima.

Mtaalamu mwingine tuliyemwendea alimgonga mtoto muhuri wa ADHD ndani ya robo saa. Hakumuuliza mwalimu chochote, wakati dalili zinatakiwa zionekane sehemu zaidi ya moja, na ziwe zimedumu angalau miezi sita. Hakuuliza kama mtoto anasikia vizuri. Hakuuliza kama anakoroma, wakati mtoto asiyelala vizuri usiku, mchana anaweza kuwa mkorofi.

Sasa ya kwangu. Siku moja kile kiatu nilikirudisha. Hakikumpata, kiligonga ukuta, lakini nilimwona alivyoniangalia. Kesho yake nikauliza palepale mtoto anapotibiwa kama kuna wa kuniona mimi. "Hapa ni watoto tu." Nikaenda kwa wanaoona watu wazima: "Umewahi kufikiria kujidhuru?" Hapana. "Basi si dharura." Wa tatu akacheka: wanaume ndivyo tulivyo, punguza mawazo. Hivi mpaka nimuumize mtu ndipo niwe mgonjwa? ADHD inatembea kwenye damu za ukoo, na hata mtu mzima anapimwa, dalili tano zikitosha badala ya sita za mtoto, mradi zilianza kabla ya miaka kumi na miwili. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nilikuwa mtoto wa namna gani. Ningemwambia!

Na mtu mzima naye anafundishika. Marsha Linehan, naye mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha mwaka 1993 mafunzo yake ya kuvumilia dhiki na kutawala hisia. Aliyaanzia kwa watu waliokuwa hatarini kujiua, yakaja kuwafaa na wengine. Unayafanyia mazoezi kama mtu anayejifunza kuendesha gari. Hayo ndiyo naomba, sitaki mtu wa kunitikisia kichwa.

Siku hizi nikipiga simu nauliza mimi kwanza. Mzazi anaingia ndani? Nyumbani tunapewa kazi gani? Mtajuaje kama tiba inafanya kazi, mnahesabu nini? Mmoja jana alinyamaza, akasema ngoja amuulize daktari. Bado nangoja.

Aliyewahi kupata mahali ambapo baba na mtoto wanaonwa pamoja, anieleze walivyofanya. Na nyie wa "mchape atanyooka", msinijazie uzi. Ubabe nimeshaujaribu, alama yake iko ukutani.