Tupeane uzoefu: Ulimtumainije Mungu kabla mambo hayajatengemaa?

Mleta mada, Mbeya

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kanisani kwetu ushuhuda hutolewa mambo yakishatengemaa: mgonjwa amepona, kazi imepatikana, mtoto amezaliwa. Sina ugomvi na shuhuda hizo, lakini aliyeketi benchi la nyuma akiwa bado hajapata jibu huondoka akidhani kwamba imani ni ya wale waliokwisha kuvuka. Naomba basi tusimulie ya katikati: siku ambayo hapakuwa na dalili yoyote, ni nini hasa kilichokushikilia? Naanza mimi.

Mimi ni Mlutheri, na kwa miaka kadhaa nilikuwa mzee wa kanisa. Mwaka 2019 nilipunguzwa kazini, nikakaa miezi 22 bila ajira. Wanaotumia bahasha za sadaka watanielewa: bahasha ina namba yako, na wanaohesabu fedha wanajua namba ipi ni ya nani. Kwanza nilipunguza kiasi, kisha nikahamia ibada ya alfajiri ambako wengi hawanifahamu, na hatimaye nikawa natumbukiza bahasha tupu, nimeigundisha vizuri kwa mate ili nisijulikane mpaka nitakapokuwa nimefika nyumbani. Nilikuwa nikiomba asubuhi na jioni, lakini kusema kweli niliomba kama mtu anayedai mshahara uliocheleweshwa.

Jumapili moja mama mtunza hazina aliniita nje, chini ya mparachichi, nami nikajua nimeumbuka. Akatoa kwenye mkoba wake bahasha saba zenye namba yangu, akasema, "Baba, hizi nimekuwa nikizitoa mwenyewe kabla ya kuhesabu, hakuna mwingine aliyezishika. Endelea kuzileta." Hakuongeza neno, akarudi ndani.

Usiku ule nilisoma tena habari za Eliya chini ya mretemu, 1 Wafalme 19, nikaona jambo ambalo sikuwahi kulitilia maanani ingawa nimekwisha kulihubiri. Mtu yule aliyeomba afe hakukemewa. Alipewa mkate na maji, akaachwa alale, akaamshwa akapewa tena. Swali aliulizwa baadaye kabisa, alipofika Horebu. Kazi niliyokuja kuipata ina mshahara mdogo kuliko ile ya kwanza, na uzee wa kanisa sikuurudia.

Mama, Moshi Vijijini

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, na kati ya mwaka 2014 na 2017 mimba zangu tatu ziliharibika, ya mwisho ikiwa na miezi mitano. Baada ya ile ya pili nilikwenda kwa siri kwenye huduma moja ya maombezi, nikaambiwa kwamba imani yangu ni haba na kwamba nipande mbegu ya laki tatu. Nilizikopa kwenye kikoba, nikazirejesha kwa miezi minane. Fedha hazikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba mimba ya tatu ilipotoka nilijihesabu kuwa ndiye niliyeiua kwa kutoamini, na mzigo huo niliubeba peke yangu kwa sababu hata mume wangu hakujua nilikokwenda.

Akina mama wa jumuiya walipokuja, mmoja alianza kusema kwamba hayo ni mapenzi ya Mungu. Bibi mmoja mzee, ambaye kwa kawaida husinzia kwenye rozari, alimkatiza: "Nyamaza, mwanangu, menya ndizi." Basi wakamenya ndizi, wakapika mtori, wakafua mashuka yangu yaliyokuwa na damu, na kwa siku nne nyumba haikukosa mtu wala haikusikia mahubiri. Nilipoweza kusoma nilikifungua kitabu cha Ayubu. Rafiki zake walikaa naye siku saba kimya, na mpaka hapo hawakuwa na kosa. Walikosea walipoanza kueleza. Tena mwishoni, sura ya 42, Mungu anawakasirikia wao waliomtetea, na kusema kwamba aliyenung'unika ndiye aliyenena yaliyo sawa. Nililia sana mahali hapo.

Sista mmoja alinionyesha pia Zaburi ya 88, ambayo huishia gizani bila faraja yoyote, akaniambia kwamba wao huisali kila Ijumaa usiku kabla ya kulala. Nimeisali hivyo tangu wakati huo. Sina mtoto hadi leo.

Mkulima, Dodoma

Ninalima zabibu eka moja na nusu, na ni Mwanglikana. Habakuki 3:17, inayotaja mizabibu isiyo na matunda, kwangu ilikuja kinyumenyume: msimu ule matunda yalikuwepo tele, ila bei ilianguka na lori tulilolisubiri halikufika. Zabibu iliyoiva haikusubiri. Zilipasuka, nyuki wakajaa, shamba zima likanuka kama pombe iliyochacha. Nabii anasema kwamba hata hivyo atafurahi. Mimi sikufurahi, na nisingependa mtu anidhanie kuwa niliimba. Nilichofanya ni kupogoa, kwa sababu usipopogoa huna msimu unaofuata. Vibarua sikuweza kuwalipa, kwa hiyo nilipogoa mwenyewe, na kila safu niliisalia Baba Yetu moja, nikikwama mara kwa mara kwenye mkate wa kila siku.

Mchangiaji, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu

Shalom. Mimi ni Mkongomani wa Kivu Kusini. Wazazi wangu walivuka Ziwa Tanganyika pamoja nami katika vita vya mwaka 1996, na makazi yetu tangu hapo ni hapa wilayani Kasulu. Kanisani kwetu kila familia iliyopata safari ya kuhamishiwa Marekani ilisomewa Yeremia 29:11, kwamba Mungu anawawazia mawazo ya amani, kisha kwaya iliimba. Nami ni mwanakwaya. Nimewaimbia watu wengi wakiondoka hata nikaanza kuuchukia mstari ule, maana faili letu la kuhamishwa halisogei.

Siku moja, kwa hasira zaidi kuliko kwa ibada, nilisoma sura yote tangu mwanzo. Mstari wa 10, ambao hatukuusoma siku za kuagana, unataja miaka 70. Mstari wa 5 unawaambia Wayahudi waliohamishiwa Babeli wajenge nyumba, wapande bustani, wale matunda yake. Na katika sura inayotangulia, aliyetabiri kwamba mambo yatakwisha ndani ya miaka miwili ni Hanania, nabii wa uongo. Kumbe ahadi ile waliandikiwa watu walioambiwa kwamba hawaondoki upesi, na wengi wao wangezeeka na kufia palepale.

Kwa miaka mingi nilikataa kupanda mwembe nyuma ya nyumba, kwa kuwa niliona kuupanda ni kukiri kwamba sitaondoka. Niliupanda mwaka 2012. Sasa watoto wangu hugombania kivuli chake, nami bado ninakwenda kuulizia faili.

Mchangiaji, Nakuru

Nimeyasoma yote. Mimi niliacha kuomba mwezi wa tatu, baada ya kumzika ndugu yangu, na sitaki kubishana na mtu yeyote wala kutumiwa mistari. Nina swali moja tu kwa mleta mada. Yule mama wa hazina alikuwa akikuombea, au alikuwa akizitunza bahasha tu?

Mleta mada

Pole sana kwa msiba, ndugu yangu, na mistari sitakutumia. Swali hilo sikuwahi kumwuliza. Siku hizi miguu inamsumbua, hafiki tena ibadani, na mimi ndiye ninayepita kwake Jumapili asubuhi kuchukua bahasha yake. Jumapili hii nitamwuliza, kisha nitakujibu hapahapa.