Eti NIKAPIME MACHO! Yule jamaa wa monita Kariakoo leo kanivuruga

Wadau salama? Mimi siko salama. Nimetoka Kariakoo sasa hivi, nimesimama kwenye mwendokasi nimebana boksi la monita kwa miguu, naandika kwa kidole kimoja, nikikosea herufi nyamazeni tu.

Yule jamaa mnamjua, sitaji jina, yule mwenye kiti cha gemu dukani anakalia yeye tu, wateja mnasimama. Kaniambia nikapime macho. Mimi. Mbele ya foleni.

Huyu mtu kaniuzia monita inchi 24 ya Hz 144 (skrini inajichora mara 144 kwa sekunde), laki nne na nusu taslimu, boksi limeandikwa FreeSync (ile ya skrini kwenda sambamba na kadi ya picha ili picha isichanike) herufi kubwa kuliko jina la kampuni yenyewe. Nikamuuliza kabisa, kaka natumia kadi ya picha ya Nvidia, GTX 1660 Super, hii nayo zitaelewana? Akajibu "inakubali zote, we chomeka tu utakuja kunishukuru". Haya nimechomeka, ndio namshukuru hapa.

Nawasha gemu ya mpira, kamera ikigeuka tu skrini inachanika katikati, kichwa cha kipa kipo golini kiwiliwili kipo kwa mashabiki. Naingia Nvidia Control Panel natafuta pa kuwasha G-Sync (ndio jina la Nvidia kwa kazi hiyo hiyo ya FreeSync), hapapo. Sio kwamba pamezimwa, HAPAPO. Nikafuta draiva nikaweka mpya, hapapo. Nikaingia menyu ya monita kwa vile vibatani vya nyuma, sijui viliwekwa na mtu mwenye ugomvi gani na binadamu, nikawasha FreeSync, bado hapapo.

Basi leo nikabeba boksi nikamrudia. Nimeeleza kwa adabu zote. Jamaa hata kiti hakuinuka, akaniwashia kwenye kompyuta yake akaweka picha ya UA. Ua jamani! Limetulia pale! Akaniuliza "haya limechanika wapi?" Nikamwambia kaka ua halikimbii, weka gemu. Hapo ndio akageuka, na wala hakugeukia mimi, akageukia FOLENI, akasema "huyu mdogo wangu monita nzima anairudisha, akapime macho". Kuna dogo na begi lake la shule alicheka mpaka mausi aliyoshika ikaanguka.

Nikapime macho. Laki nne na nusu. Halafu ua.

bisi_za_moto: Ngoja nikae hapa mbele, huu uzi utafika mbali

MzeeWaFremu: Pole mkuu. Swali moja tu, umeunga kwa waya gani?

Mleta uzi: Waya aliyonipa yeye, HDMI, akasema waya ni waya. Sasa waya imeingiaje hapa wakati mimi nimeambiwa nikapime macho mbele ya watu?

MzeeWaFremu: Imeingia hapo hapo. Nvidia walifungulia monita za FreeSync Januari 2019, draiva 417.71, kadi za GTX 10 kwenda juu, ila ni kwa kupitia DisplayPort (DP), tundu jingine la waya wa picha. Kwa HDMI mpaka monita yenyewe iwe na VRR ya HDMI 2.1 (VRR ni skrini kubadili kasi yake ifuate gemu), na yako inaelekea haina. Ndio maana ile sehemu huioni, kadi haijui kama monita inaweza. Tafuta waya wa DP, pataonekana penyewe. Halafu nenda setingi za Windows uangalie Hz, wengi wanaacha 60 wanacheza hivyo hivyo mpaka monita inazeeka.

Mleta uzi: Mkuu sijaomba msaada. Nimekuja kulalamika.

kijana_wa_temeke: 😂😂😂 tundu la DP lipo hapo hapo nyuma pembeni ya HDMI na hukuliona, jamaa wa Kariakoo ni daktari kabisa

Mleta uzi: We ndio yule dogo wa begi?

kijana_wa_temeke: Mausi ilipona lakini, asante kwa kuuliza

nai_gamer: Afadhali wewe bana. Mimi hapa Luthuli, Nairobi, niliuziwa ya 165, kufika nyumbani nikabandua stika, chini kuna stika ingine imeandikwa 75. Na FreeSync yake ni Hz 48 hadi 75, gemu ikishuka chini ya 48 imekuacha njiani, haina hata nafasi ya kurudia fremu (kila picha ya gemu) mara mbili.

MzeeWaFremu: Hiyo kweli, inataka Hz ya juu iwe angalau mara mbili ya ile ya chini. Ya mleta uzi kama ni 48 hadi 144, fremu zikishuka 40 inazirudia, skrini inakwenda na 80, haichaniki.

Mleta uzi: Monita nzuri basi, muuzaji ndio mbovu. UA jamani.

mama_kisanga: Mimi nataka kujua kile kiti anauza bei gani

bisi_za_moto: Hakiuzwi kile, mi nilishauliza akaniambia nikapime mgongo

pleisteshen_tu: Nyie wa kompyuta mnadeka. PS5 ilipata VRR 2022 inataka HDMI 2.1, nina monita ya FreeSync inaikataa katakata, jirani yangu na Xbox yake kachomeka monita hiyo hiyo inakubali. Kila jioni anakuja kunionesha. Huyo ndio wa kufunguliwa uzi.

paneli_nyeusi: Mimi VRR inafanya kazi safi, ila paneli ni ya VA (aina ya kioo cha monita), gemu ikifika kwenye pori la giza mwanga unapepesa mpaka paka anakimbia. Nikizima VRR inachanika, nikiwasha inapepesa. Nicheze mchana tu?

MzeeWaFremu: Funga fremu zisiyumbe sana, chini kidogo ya Hz ya monita, mfano 141 kwenye 144. Kupepesa kutapungua, haitaisha.

paneli_nyeusi: Na kadi yangu hizo 141 itazitoa wapi mzee wangu

Mleta uzi: Tunaweza kurudi kwenye mada? Nimeambiwa NIKAPIME MACHO

bonge_la_mbagala: Mnabishania Hz, huku kwetu umeme umeenda tangu asubuhi, samaki wa wiki nzima wanaharibika kwenye friji. Na friji yenyewe fundi alikuja kuongeza gesi, kaondoka ikawa inapasha moto.

mama_kisanga: Inapasha moto?? 😂😂 huyo alifunga kinyume

nai_gamer: Wangu alitoa compresa akaenda nayo "kuipima", bado anaipima

bonge_la_mbagala: Wangu kala na wali kabisa, akasema mke wangu hajui kupika

kijana_wa_temeke: Fungua uzi mkuu hiyo nzito

Mleta uzi: Jamani

pleisteshen_tu: Kwani kuna mwenye fundi friji mwaminifu maeneo ya Tandika? Naomba namba PM

mama_kisanga: Ninaye, mpole, anakuja na kijana wake, bei yake rafiki

bonge_la_mbagala: Kijana wake ana kofia nyekundu?

mama_kisanga: Eeh umemjuaje

bonge_la_mbagala: USITUME HIYO NAMBA