Madini mkakati tunayapigania yakiwa ardhini, yakija mjini tunayatupa jaani

Waungwana, kuna jambo linaniudhi na nimeshindwa kulinyamazia. Kila ukifungua redio ni madini mkakati: kinywe (grafaiti) cha Mahenge na Ruangwa, nikeli ya Kabanga kule Ngara, na haja ya kuyaongezea thamani hapa nchini badala ya kuyasafirisha yakiwa ghafi. Mimi naliunga mkono hilo, kwani sheria za mwaka 2017 zilizoipa Serikali hisa zisizolipiwa, zisizopungua asilimia 16, katika migodi mikubwa zilikuwa za haki, na anayejua kwamba sehemu kubwa mno ya kinywe cha betri duniani husafishwa China hahitaji kuelezwa sababu. Lakini sera yote hiyo inaanzia shimoni na kuishia melini. Madini hayohayo yakija mjini Unguja yamo ndani ya betri, hakuna tena mwenye habari nayo.

Na yanakuja kwa wingi. Baada ya giza la kukatika umeme la 2008 na lile la takriban miezi mitatu lililoanza Desemba 2009, wenye maduka Darajani na wenye nyumba za wageni Mji Mkongwe walijifunza kutotegemea umeme wa Bara peke yake, hata ulipowashwa waya mpya wa baharini wa megawati 100 mwaka 2013. Walianza na jenereta, sasa wamo kwenye sola na inveta, vyombo vinavyotumia betri. Hiyo ndiyo nishati safi inayosifiwa katika kila mkutano wa hotelini.

Betri yangu ya sola ilikufa kabla ya muda wa dhamana kwisha. Aliyeniuzia, ambaye sitamtaja, aliitazama risiti na kuniambia kwamba dhamana haihusu betri "iliyotumika vibaya". Nilipomwomba basi aichukue akaitupe anapojua yeye, alicheka. Ofisi niliyoiuliza ilinielekeza kwenye ofisi nyingine, na hiyo nyingine ikanirudisha kule nilikotoka. Sheha wetu, yaani kiongozi wa mtaa, naye masikini hana waraka wowote mkononi, akanipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Huko nilimwona kijana akipasua betri ya gari kwa shoka, akamwaga tindikali mtaroni, akachomoa bamba moja moja la madini ya risasi, kisha akayayeyusha kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa ili amimine chubwi, vile vizito vya nyavu, na watoto wanacheza pembeni yake. Simlaumu, anatafuta riziki na hata glavu hana. Betri za lithiamu kijana huyo hazitaki, kwa sababu hazina risasi na ukizipasua huwaka moto. Hizo hupakiwa kwenye gari la taka hadi jaa la Kibele, pamoja na kinywe na shaba yake ndani.

Sisi tunakunywa maji ya visima na chemchemi, na chini ya miguu yetu ni mawe ya matumbawe ambayo hayazuii kitu kupenya. Risasi haiozi. Shirika la Afya Duniani limekwisha kusema kwamba hakuna kiwango chake mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaodhurika zaidi ni watoto, ubongoni.

Najua nitajibiwa kwamba migodi iko Bara na madini si jambo la Muungano. Sawa, lakini taka na mazingira ya Zanzibar ni mamlaka ya Serikali ya Mapinduzi, wala hakuna wa kumsubiri. Visiwa hivi vilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka 13 kabla ya Bara, na mfuko haukuwa na thamani yoyote ya kuokolewa. Betri ya risasi takriban risasi yake yote hurejeshwa ikiyeyushwa katika kiwanda chenye vifaa vyake. Kwa nini basi muagizaji asilazimishwe, kabla mzigo wake haujatoka bandarini Malindi, kuonesha mahali atakapozipokea zikifa, na mnunuzi akaweka rehani atakayorudishiwa siku akirejesha betri kuukuu?

Wizara ya nishati, wahusika wa mazingira na Baraza la Manispaa watueleze ni nani kati yao anayesimamia betri iliyokufa. Kama ipo kanuni, watupe nambari yake na jina la afisa wa kumwendea. Kama haipo, waseme haipo.