Nipo sebuleni kwangu Jersey City, naambiwa sipo New Jersey

MzamuUsiku:
Wakuu habari za jioni. Naishi Jersey City, ghorofa ya tisa, dirisha la sebule linatazama mto Hudson na ng'ambo naiona Manhattan, jimbo la New York. Nikitoka zamu huwa nacheza kasino ya mtandaoni yenye leseni ya hapa New Jersey, dola kumi, ishirini, basi. Tangu mwezi uliopita nikikaa kwenye kochi programu inaniandikia nipo nje ya jimbo. Nikienda jikoni, hatua sita tu, inafunguka. Nikadhani mtandao unasumbua.

Jumanne wameifunga akaunti kabisa. Ndani kuna dola 312. Wanasema nimetumia VPN kuficha nilipo, na mimi hata sijui inawashwaje! Hela naitaka, ila kinachoniuma zaidi ni kuonekana tapeli, hata mke wangu ananitazama vingine. Nifanyeje?

Kipanga_Newark:
Pole sana mkuu. Nimekaa miaka miwili huduma kwa wateja kwenye kampuni ya kubeti, kesi kama yako nilizipokea nyingi mno.

Wanachokagua siyo unapoishi. Ni pale ulipo dakika ile unayoweka beti. Mkazi wa Texas akishuka uwanja wa ndege Newark anacheza. Wewe wa Jersey City ukipanda treni ya PATH kwenda Manhattan, huchezi. Kasino ya mtandaoni New Jersey ilianza Novemba 2013, New York haijaruhusiwa. Hata kubeti mechi kwa simu, New York walianza Januari 2022. Kabla ya hapo watu walikuwa wanavuka daraja la George Washington kwa baiskeli, wakifika Fort Lee, upande wa New Jersey, wanasimama pembeni, wanaweka mkeka, wanarudi kwao. Na hao hawakuvunja sheria yoyote.

Kampuni ikipokea beti ya mtu aliye ng'ambo, leseni yake ipo hatarini, ndiyo maana wanakaza. Hawategemei anwani ya intaneti peke yake. Wanasoma GPS, minara ya simu, na Wi-Fi za jirani hata kama hujaunganisha. Sebule yako imetazama maji, kwa hiyo nahisi simu inanasa mawimbi ya Manhattan. Jikoni kuta zinayazuia, zinabaki Wi-Fi za majirani zako. Ukicheza usizime Wi-Fi.

Kuhusu VPN: hiyo simu ofisini kwenu wameweka chochote?

MzamuUsiku:
Simu ni yangu, ila waliniwekea programu ya ratiba na mafaili ya wagonjwa. Nahudumia wazee majumbani.

Kipanga_Newark:
Basi anza hapo. Programu za kazi mara nyingi huja na VPN inayojiwasha yenyewe. Tazama juu kabisa ya skrini kama kuna alama ya ufunguo au herufi VPN. Ikiwepo, ipige picha, kisha omba ofisini barua fupi kwamba wao ndio walioiweka. Tuma vyote kwa maandishi, usiishie kupiga simu. Wakikukatalia, peleka lalamiko Division of Gaming Enforcement ya New Jersey, yaani wasimamizi wa kamari wa jimbo, tovuti yao ina fomu ya wachezaji. Kama beti zote uliziweka ukiwa New Jersey, idai hela yako bila aibu.

DadaWaTanga:
Kaka, nakuomba na hili: usimwazime mtu akaunti, hata ndugu. Shemeji yangu wa Brooklyn, New York, alikuwa anampigia kaka yangu huku Newark amchezee. Walipogundulika akaunti ikafungwa na hela ya shemeji humo humo. Hadi leo hawasalimiani. Kwenye harusi ya mdogo wetu ilibidi tuwaweke meza mbalimbali, na mama aliliona hilo.

MzamuUsiku:
Asante dada, nimesikia. Mkuu Kipanga, nimetazama sasa hivi. Ufunguo upo, mdogo, kando ya alama ya betri. Siku zote nilijua ni mambo ya chaji. Nimemwonyesha mke wangu, ameshika simu muda mrefu anaukodolea macho. Kesho saa mbili asubuhi nipo ofisini kuomba barua.