Uwanja wa shabaha unataka stempu ya kiwambo cha sauti: nionyeshe nini?

Mkisauni wa Texas: Ndugu zangu, naomba ushauri kabla ya Jumamosi. Nina bunduki yenye kiwambo cha sauti, kile kifaa cha mtutuni cha kupunguza mlio, na uwanja wa kulenga shabaha nilioulipia umeniandikia kwamba kila mwenye kiwambo aje na nakala ya Fomu 4, ile ya kuhamishia silaha iliyosajiliwa kwa mwenye mpya, yenye stempu ya kodi. Je, mtumishi wa uwanja ana haki ya kuzikagua karatasi hizo, au ni ATF, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia silaha, peke yao?

Fundi Dallas: Sheria ya shirikisho ya mwaka 1934 inakihesabu kiwambo kuwa silaha ya kusajiliwa, na mwenyewe hutakiwa kuutunza ushahidi wa usajili na kuwaonyesha ATF wakiuhitaji. Hata hivyo uwanja ni mali ya mtu, na asiyetaka kuonyesha karatasi anaweza kurudishwa langoni. Jina lililo kwenye fomu ni lako?

Mkisauni wa Texas: Nakala ninayo, na namba iliyochongwa kwenye kiwambo inalingana nayo tarakimu kwa tarakimu.

Bi Mwanaisha: Mwanangu, huku kwetu Kenya cheti cha silaha ni cha mtu, hakirithiwi kama shamba. Mume wangu alipofariki, hata arobaini haijafika, shemeji yangu aliifunga bastola kwenye kipande cha kanga akaipeleka kituoni, nami usiku ule ndipo nilipolala. Nyumba yenye watoto haina haja ya vitu hivyo.

Fundi Dallas: Pole, Bi Mwanaisha. Mkisauni, hujanijibu: jina la nani?

Mkisauni wa Texas: La baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliyefariki mwezi wa tatu. Mke wangu ndiye mtoto wake pekee, mahakama imemteua kuwa msimamizi wa mirathi, na Jumamosi tutakuwa pamoja. Kiwambo kimekaa kwenye sefu yangu tangu mazishi. Isitoshe, tangu Januari 2026 zile dola 200 za stempu ya kiwambo hazitozwi tena, kwa hiyo sioni serikali inadai nini.

Fundi Dallas: Kilichoondoka ni kodi, usajili uko pale pale. Mrithi huombewa kuhamishiwa usajili kwa Fomu 5, pamoja na picha na alama zake za vidole, na mpaka ikubaliwe msimamizi hukihifadhi mwenyewe bila kumkabidhi mtu mwingine, hata mumewe. Kosa la kumkabidhi mwingine kifungo chake kinafika miaka 10. Namba za sefu, mkeo anazijua?

Mchunguzi: Uzi huu naushuku. Kwanza alikuwa na kiwambo, kisha akawa na nakala, sasa ametokea marehemu na mke msimamizi. Naona mtu anayetafuta namna ya kupita langoni kwa karatasi ya mwingine.

Mkisauni wa Texas: Sikutunga, ndugu yangu. Kimo ndani ya soksi ya sufu ya kijivu aliyoifuma mama mkwe, imelowa mafuta ya bunduki kwenye kidole gumba. Jina nililificha kwa sababu nilijua mtanikataza. Mke wangu hazijui namba za sefu; usiku huu anaweka zake mpya, nami sitaziuliza. Jumamosi nakwenda na bunduki bila kiwambo. Fundi, alama za vidole ni zake peke yake?

Fundi Dallas: Zake peke yake, kwa kuwa yeye ndiye mrithi. Aambatanishe na hati ya mahakama ya kumteua.