Ukoo wa Pongwe: mashine ya Rashidi

JUMATATU

Bi Tatu: Assalaam alaykum ukoo. Rashidi mdogo wangu, nimepigiwa simu na mtu wa Mbagala ananiambia uko kwenye oksijeni. Ni kweli? Mbona sikuambiwa?

Rashidi: Waalaykum salaam dada, shikamoo. Oksijeni ya wapi tena. Nipo kijiweni nakunywa kahawa.

Mama Zuhura: Shikamoo wifi. Jirani kachungulia dirishani usiku kamwona Baba Zuhura ana mpira usoni. Asubuhi nyumba imejaa watu na machungwa 😂 Mmoja kaleta na uji wa mgonjwa.

Bi Tatu: Marahaba. Huo mpira wa nini sasa?

Rashidi: Ile mashine ya kukoroma dada. Si niliwaambia nililazwa hospitali usiku mmoja na nyaya mwili mzima? Majibu yametoka. Pumzi inakatika usingizini mara 41 kwa saa.

Bi Tatu: 41 kwa saa!! Mtu si anakuwa ameshakufa jamani

Mwanaidi: Shikamoo mama, shikamoo mjomba. Hafi, ila anateseka bila kujua. Koo linalegea na kujifunga, hewa inakatika au inapungua sana kwa sekunde 10 au zaidi, ubongo unamshtua, anavuta pumzi, anaendelea kulala. Asubuhi hakumbuki chochote. Kuanzia 30 kwa saa inahesabiwa kali. Na si oksijeni, waambieni majirani. Ni hewa hii hii ya chumbani, mashine inaisukuma ili koo libaki wazi.

Idi (Muscat): Nilijua tu 😂 Tulipokuwa tunalala chumba kimoja Pongwe, marehemu baba alikuwa akidhani kuna watu wanapasua mbao. Kaka, karibu chamani. Mimi nalala nayo miaka sasa.

Bi Tatu: Na wewe Idi? Mbona ulinyamaza?

Idi (Muscat): Ningesema mngeniletea uji.

Rashidi: Chekeni tu. Mimi kitu hiki kimenishinda. Jana nimevaa saa nne, saa saba naamka nakikuta kimelala mtoni peke yake. Tumbo limejaa hewa, nacheua mpaka aibu. Macho yanawasha. Mdomo mkavu. Na Ijumaa nina safari ya lori kwenda Tunduma, tajiri kashaniuliza mara mbili.

Mama Zuhura: Hakuna Tunduma. Waambie daktari alivyosema.

Rashidi: Daktari halipi ada ya Zuhura.

Mwanaidi: Mjomba alisemaje?

Rashidi: Nisishike usukani mpaka asome kumbukumbu za mashine.

Zuhura: Baba shikamoo. Uliponisindikiza stendi ulisinzia kwenye foleni ya Ubungo, nimekaa pembeni yako. Nilikupiga bega ndipo ukashtuka.

Rashidi: Marahaba. Siku ile nilikuwa nimefunga.

Zuhura: Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, baba.

Idi (Muscat): 🙈

Juma (Houston): Shikamooni wote. Mjomba, huku mashine ina laini ya simu ndani, inamtumia daktari kila kitu. Saa ulizovaa, hewa inayovuja, pumzi ilivyokatika. Bima wanataka angalau saa nne kwa usiku, asilimia 70 ya siku katika mwezi, la sivyo hawalipi.

Mwanaidi: Hizo saa nne ni za bima. Mwili unazitaka saa zote unazolala, hasa za alfajiri, ndoto zikizidi na misuli ikilegea kabisa.

Idi (Muscat): Kaka acha hadithi ya kushindwa. Lala kama ulivyolala jana, vaa, mwambie shemeji akupige picha.

Mama Zuhura: 📷 Picha

Idi (Muscat): Lahaulaaa. Mikanda umeikaza hivyo unakwenda wapi? Hiyo barakoa ya kufunika pua na mdomo imekaa juu ya ndevu. Hewa inapita kwenye ndevu, ikitokea huku juu inapiga machoni. Ndiyo inayowasha.

Rashidi: Nikilegeza si itavuja zaidi?

Idi (Muscat): Kinyume chake. Ule mpira laini wa barakoa una ukuta mwembamba unaotakiwa kujazwa na hewa, ndio unaoziba. Ukiukaza unaubana, unakunjika, unavuja. Legeza yote, lala chali, washa mashine, vuta barakoa mbele kidogo iachie uso, irudishe taratibu, kisha kaza kidogo tu. Usirekebishe umekaa. Uso wa aliyelala si uso wa aliyekaa.

Mwanaidi: Na uso uoshwe kwa sabuni kabla. Mjomba unapaka mafuta ya mgando usiku?

Mama Zuhura: Kila siku, tangu nimjue.

Mwanaidi: Yaache usoni. Yanateleza, na yanaharibu mpira ule.

Rashidi: Ndevu sinyoi.

Mwanaidi: Hakuna aliyesema unyoe. Ipo aina inayokaa chini ya matundu ya pua tu, haigusi ndevu wala haizibi macho. Rudi ulikoichukua uombe kujaribu. Ila ukilala mdomo wazi hewa itatokea mdomoni, ndiyo hiyo ya kuamka umekauka. Mafua yakikubana pua mwambie daktari atibu pua kwanza.

Rashidi: Na tumbo?

Mwanaidi: Unameza hewa. Inatokea sana mwanzoni. Lala ubavu, inua kichwa kidogo. Isipopungua, daktari ndiye atapunguza msukumo.

Kibwana: Baba mdogo shikamoo. Hizo mashine zina menyu ya siri, unabonyeza vitufe viwili pamoja. Nipitie jioni nikupunguzie?

Mwanaidi: Kibwana! Weka mkono wako mfukoni. Ule msukumo umewekwa kwa kipimo, ukishushwa ovyo koo linajifunga tena na yeye anadhani anatibiwa.

Kibwana: Nilikuwa nasaidia tu dada 😅

Idi (Muscat): Kitufe unachoruhusiwa ni kile cha kuanza polepole. Hewa inaanza chini inapanda kidogo kidogo wakati unatafuta usingizi. Ukishtuka usiku unaona upepo mkali, kizime uwashe tena, kianze upya. Usiivue.

Rashidi: Hakuna aliyeniambia hilo.

Idi (Muscat): Na mchana ivae sebuleni, ukitazama mpira. Usiku mtu ameshachoka, hana subira ya kujifunza kitu usoni. Mimi wiki ya kwanza niliivaa kila nikitazama taarifa ya habari, watoto wakaniita rubani.

Rashidi: Nitavaa Yanga wakicheza. Simba wakicheza sivai, nitahitaji mdomo.

JUMANNE

Bi Tatu: Amelalaje mgonjwa wetu?

Mama Zuhura: Yeye kalala wifi. Asiyelala ni mimi.

Bi Tatu: Inapiga kelele?

Mama Zuhura: Haisikiki kabisa. Ndio tatizo. Miaka yote nimelala na mngurumo, sasa kimya. Naamka kila saa naweka mkono kifuani kwake kuona kama yupo.

Rashidi: Ndiyo maana niliota napekuliwa mizani.

Bi Tatu: 😂😂 Mimi wifi nilijua ni jinamizi, ndiyo maana nilikupa ule ubani. Alivyokuwa akigugumia akiwa hapa kwa matanga, nilimsomea mpaka alfajiri.

Mwanaidi: Dua ziendelee mama, na mashine iendelee.

Rashidi: Kuna jambo nimeliona sijui kama linahusiana. Usiku ninaovaa mpaka alfajiri siendi chooni. Nilikuwa naamka hata mara nne. Nimepima sukari mpaka vidole vimechoka, kila mara wananiambia huna.

Mwanaidi: Linahusiana sana. Koo likijifunga kifua kinavuta hewa isiyoingia, moyo unavutwa na kutanuka, unadhani damu imezidi maji. Unatoa homoni ya kuziambia figo zipunguze. Unaamka unakojoa. Koo likibaki wazi ujumbe huo hautoki.

Rashidi: Subhanallah. Na mimi nilikuwa namlaumu bwana kibofu.

Mama Zuhura: Na ile presha isiyoshuka kwa dawa tatu?

Mwanaidi: Huenda ikashuka kiasi. Asiache dawa. Mumpime, muandike, muende na daftari kliniki.

Mama Zuhura: Swali la maji. Kile kitanki tunatia maji gani? Ya kisima chetu yana chumvi, birika lote limepiga ukoko mweupe.

Kibwana: Maji ya betri mama, yale ya sheli. Ni masafi hayana chumvi.

Mwanaidi: Kibwana leo umeamkia wapi? Chupa ile huna hakika imejazwa nini, na nyingine zina asidi. Mtu atavuta mvuke wake usiku kucha. Maji ni yale yaliyokenekwa, yaani mvuke uliogeuzwa maji tena, ulizieni duka la vifaa vya hospitali. Siku yakikosekana tieni ya kunywa ya chupa, asubuhi yamwagwe. Kuyachemsha hakuondoi chumvi. Ukoko ukianza, siki kidogo kwenye maji mengi, loweka, suuza.

Idi (Muscat): Kwa joto la Mbagala unyevu uuweke chini kabisa, au ujaribu bila maji. Mimi huku nalala na kiyoyozi, ndiyo kazi. Mpira wa kupitisha hewa unapoa, mvuke unageuka maji, saa tisa usiku naamka maji yananitonea puani. Nikauvisha mpira soksi ya kitambaa. Halafu mashine iwe chini kuliko kichwa, maji yarudi kwenye kitanki yasije kwako.

Rashidi: Yangu ipo juu ya kabati.

Idi (Muscat): Ishushe leo.

Mama Zuhura: Nimeshaishusha. Ipo kwenye stuli, na nimeipangusa vumbi.

Idi (Muscat): Angalieni na kichujio nyuma. Kwa barabara yenu ile ya vumbi kitakuwa kahawia.

Mama Zuhura: Kahawia ndogo. Ni cheusi.

JUMATANO

Rashidi: Umeme ulikatika saa nane usiku. Nimeamka naona hewa hakuna, nikaitupa.

Zuhura: Baba, mtu anaweza kukosa hewa humo?

Mwanaidi: Hapana. Barakoa ina matundu, na ile ya kufunika mdomo ina kilango kinachofunguka chenyewe msukumo ukikoma. Lakini aivue, umeme ukirudi aivae.

Kibwana: Hapa naruhusiwa kusema? Ni kazi yangu.

Mwanaidi: Sema fundi 😂

Kibwana: Inveta ndogo na betri moja inatosha, ila mzime kile cha kupasha maji na mpira wa joto kama upo. Hivyo ndivyo vinavyokula umeme, mota yenyewe inakula kidogo. Na kwenye lori nilitaka kumwungia moja kwa moja. Mashine imeandikwa volti 24, lori ni volti 24.

Idi (Muscat): Usithubutu. Lori likiwaka chaji inapanda mpaka kama 28. Kuna kigeuzi cha mashine yenyewe kinachoingia kwenye tundu la sigara, kinapokea 12 au 24 na kutoa inachotaka. Hicho tu.

Kibwana: Sawa, hilo la 28 ni kweli.

Juma (Houston): Jirani yangu hapa ana mashine ya pili haitumii. Niipe mtu ailete, mjomba awe na ya lori na ya nyumbani?

Mwanaidi: Kampuni gani na ya mwaka gani?

Juma (Houston): Philips. Ya 2019 nadhani.

Mwanaidi: Iache. Juni 2021 Philips walitaka mashine zao mamilioni zirudishwe, sifongo ya ndani ya kupunguza kelele ilikuwa inachambuka na kuingia kwenye njia ya hewa. Mwambie jirani aangalie namba yake kama haijawahi kushughulikiwa. Na hata ingekuwa nzima imewekwa msukumo wa mtu mwingine.

Juma (Houston): Duh. Hata yeye hajui. Namgongea mlango sasa hivi.

Bi Tatu: Hivi nani aligundua mambo haya?

Idi (Muscat): Daktari wa Sydney, Australia, Colin Sullivan. Aliandika habari zake 1981. Mashine za mwanzo zilikuwa na mota ya kufyonzea vumbi, na barakoa ikigandishwa usoni kwa gundi kila usiku.

Rashidi: Gundi! Basi nimenyamaza.

ALHAMISI

Rashidi: Nimebadilisha. Nimepewa ile ya puani. Jana nimeivaa kwa muda wa saa tano na nusu, mashine inaandika pumzi imekatika mara 6 kwa saa.

Idi (Muscat): Kutoka 41!

Mwanaidi: Mashalla mjomba. Tunataka chini ya 5. Inavuja?

Rashidi: Inaonyesha uso unaocheka, wa kijani.

Mama Zuhura: Na asubuhi kanyoosha kitanda. Sijawahi kuona.

Bi Tatu: Alhamdulillah. Na safari?

Rashidi: ...

Zuhura: Baba

Rashidi: Nimempigia tajiri. Kasema kama siendi atampa lori mtu mwingine. Nikamwambia ampe. Kesho anakwenda yule kijana wa Chalinze. Jumatatu nampelekea daktari kumbukumbu, akiniruhusu nitarudi.

Zuhura: Ahsante baba. Ada nimezungumza na chuo, wamenipa hadi mwisho wa mwezi.

Bi Tatu: Ada tutachanga. Kila mtu aangalie simu yake, mwekahazina ni Mwanaidi. Mtu asiniambie mtandao unasumbua.

Kibwana: 👍

Juma (Houston): 👍 Leo leo.

Idi (Muscat): Nimo. Kaka, ile ya puani pembeni imeandikwa herufi gani? Ndogo, ya kati au kubwa?

Rashidi: M.

Idi (Muscat): Kuna mtu anakuja Dar wiki ijayo. Nampa tatu za akiba, na pakiti ya vichujio, na kigeuzi cha gari. Kigeuzi kikishafika kwako kiweke tu, usikijaribu mpaka Jumatatu ipite.

Mama Zuhura: Shemeji, na udi usisahau.

Idi (Muscat): Udi upo. Ila usiufukize chumbani mashine ikiwa inafanya kazi, utamjaza moshi.

Mama Zuhura: Nitafukiza sebuleni.